Kabla kikao hakijapitisha sumu

Swali: "Daktari, mtaani kwetu kuna mbwa wasio na mwenyewe, wanakaribia ishirini. Usiku wanabweka hatulali, asubuhi wanapasua mifuko ya taka, na wiki hii mtoto wa jirani, mwenye miaka tisa, ameumwa mguuni akitoka shule. Kikao cha wakazi kimeitishwa na wengi wanataka mbwa watiliwe sumu. Mimi sitaki, lakini nikisimama kusema naulizwa nina njia gani nyingine. Je, kuna namna ya kuishi na mbwa hawa na idadi yao ikapungua bila ukatili? Ni mimi, mama wa watoto wawili."

Njia ipo, dada yangu, na nitaieleza kwa kirefu kwa sababu utalazimika kuitetea mbele ya watu wenye hasira, na hasira yao ina sababu. Ila tuanze na mtoto kabla ya mbwa. Kama hadi sasa hajapelekwa kituo cha afya, acha kusoma, nenda kamgongee jirani mlango.

Kidonda cha kuumwa na mbwa huoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima, hata kikiwa mchubuko mdogo. Wengi huliona jambo hili dogo mno kuitwa tiba. Lakini kirusi cha kichaa cha mbwa kimevikwa utando wa mafuta, na sabuni huuvunja utando huo kabla kirusi hakijafika kwenye neva. Kisha hupakwa dawa ya kuua vijidudu, iodini kwa mfano. Pilipili, mafuta ya taa na majani ya kutafuna viachwe kabisa, na kidonda kisikimbiliwe kushonwa. Halafu chanjo, siku hiyo hiyo. Kama siku zimepita, bado aende. Ugonjwa huu kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu kujitokeza, mara nyingine wiki moja tu, mara nyingine hata mwaka, hivyo mtoto kuonekana mzima leo si dalili ya usalama. Ngozi ikiwa imetoboka, mzazi aulize pia kuhusu kingamwili zinazochomwa pale pale kwenye kidonda, kwa kuwa chanjo peke yake huhitaji siku kadhaa kabla mwili haujajenga kinga yake. Na dozi zote zimalizwe. Wapo wazazi wanaoacha njiani kwa sababu kidonda kimekauka, lakini kukauka kwa ngozi hakusemi chochote kuhusu kirusi kilichokwisha ingia ndani.

Nasisitiza hivi kwa sababu dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Duniani watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu unaozuilika kabisa, watoto wa miaka 5 hadi 14 wakiwa miongoni mwa wanaopatwa mara nyingi, na katika asilimia 99 ya visa vya binadamu kirusi kimetoka kwa mbwa. Kwa hiyo wanaokwambia kikaoni kwamba wanaogopa, usiwabeze. Wanaogopa kitu cha kweli.

Mbwa aliyeuma naye ana umuhimu wake, na hapa ndipo watu huharibu bila kujua. Watataka auawe mara moja. Waombe wasimuue kama anaweza kufungiwa mahali salama, au walau kufuatiliwa kila siku na mtu anayemtambua. Mbwa ambaye mate yake yalikuwa na kirusi siku aliyouma, ndani ya siku 10 atakuwa ameugua waziwazi au amekufa. Akiwa bado mzima baada ya hapo, basi siku ile hakuwa anaambukiza, na daktari wa mtoto anaweza kuamua kusitisha dozi zilizobaki. Akiuawa na kufukiwa, jibu hilo limepotea. Lakini matibabu ya mtoto hayasubiri siku hizo 10, yaanze leo huku mbwa akitazamwa. Na mbwa akionyesha kubadilika, kwa mfano akidondosha udenda, taya likilegea, sauti ikigeuka, akiuma vijiti na mawe, au miguu ya nyuma ikipepesuka, asiguswe na mtu yeyote, aitwe daktari wa mifugo. Vilevile si kila mbwa mwenye kichaa huwa mkali. Wapo wanaonyamaza, wanaojificha kwenye kona yenye giza na kuonekana kama wamekwamwa na mfupa kooni, na mtu mwema akitia mkono mdomoni ili amsaidie, anaambukizwa.

Sasa kikao. Huruma kwa mbwa ni hoja halali na sitaki uione haya. Sumu inayotumiwa sana kwa kazi hii, strikinini, hukaza misuli ya mwili mzima hadi mnyama ashindwe kupumua, akili ikiwa timamu muda wote. Hakuna mtoto anayestahili kulikuta jambo hilo njiani akienda shule. Hata hivyo usianzie hapo. Anza na kile wanachokiogopa, kwa sababu hata hapo sumu inashindwa.

Waulize: chambo kikitegwa, nani atakila kwanza? Atakila mbwa aliyezoea watu, anayelala karibu na milango, anayelishwa na mtu fulani, yule ambaye kama kuna mbwa amewahi kuchanjwa mtaani basi ni yeye. Yule mwoga, anayezunguka usiku na hakaribii mkono wa mtu, ndiye atakayebaki. Kwa hiyo kila zoezi la sumu linachagua kuua mbwa wapole na waliochanjwa, na kuacha wale ambao hamwezi hata kuwakaribia kuwachanja. Naomba kikao kizima kilitafakari hili moja, maana mengine yote yanatokana nalo.

Kinachofuata baada ya sumu kinajulikana vizuri. Idadi ya mbwa wa mtaani haiwekwi na wingi wa wanaozaliwa, bali na chakula kilichopo na wangapi wanafanikiwa kukua. Jike hupata joto, yaani msimu wa kupandwa, takribani mara mbili kwa mwaka, hubeba mimba kwa siku 63 hivi, na huzaa watoto watano au sita, wakati mwingine zaidi. Kama wote wangekua, mitaa isingepitika. Utafiti mmoja huko Bengal Magharibi, India, uliochapishwa mwaka 2016, uliwafuatilia watoto 364 wa mbwa wa mitaani: asilimia 19 tu ndio waliofikia umri wa kuzaa. Waliobaki walikufa, na vifo vingi vilisababishwa na binadamu kwa namna moja au nyingine. Sasa waondoe mbwa wakubwa kumi katika mtaa wenu. Taka ni zile zile, vinywa vimepungua. Watoto ambao wangekufa kwa njaa sasa wanapona. Mbwa wa mtaa wa pili, ambao zamani walifukuzwa mpakani, wanahamia. Na wenye nyumba waliopoteza mlinzi wao wanaleta kitoto kipya kisicho na chanjo. Baada ya mwaka mna idadi ile ile, ila sasa ni vijana, wageni, wasiochanjwa, wanaogombania mipaka na majike. Kuumwa kunaongezeka badala ya kupungua. Ni kutwanga maji kwenye kinu, na kila mwaka kinu kinahitaji sumu mpya.

Hii si nadharia yangu. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipokutana kuhusu kichaa cha mbwa mwaka 2004 walisema hakuna ushahidi kwamba kuwaondoa mbwa peke yake kumewahi kuleta mabadiliko ya maana katika msongamano wao au katika kuenea kwa ugonjwa. Hata kasi kubwa ya kuwaondoa waliyoitaja wataalamu hao, asilimia 15 hivi ya mbwa wote, hufidiwa kwa urahisi na wanaobaki hai. Na pale ambapo serikali ilijitahidi kuua zaidi ya hapo, bado haikusaidia. Kisiwa cha Flores, Indonesia, kilipatwa na kichaa cha mbwa mwaka 1997 baada ya mbwa kuletwa kwa mashua kutoka Sulawesi. Katika wilaya ya Larantuka karibu asilimia 70 ya mbwa waliuawa, na mwaka 2002 ugonjwa ulikuwa bado upo kisiwani. Kisiwa kingine cha Indonesia, kiitwacho Bali, kilipata mlipuko wake mwaka 2008, kikaanza na kuua, na mbwa waliochanjwa nao wakauawa pamoja na wasiochanjwa. Vifo vya watu vilianza kushuka baada ya kisiwa chote kuingia kwenye chanjo kuanzia mwaka 2010. Katika mazoezi ya namna hii watu pia huwaficha mbwa wao au huwakimbiza kwa ndugu vijiji vya mbali, na kirusi husafiri nao.

Mtu atapendekeza wahamishwe, wapelekwe mbali. Istanbul ilifanya hivyo mwaka 1910: makumi ya maelfu ya mbwa walikusanywa na kutupwa kwenye kisiwa kikavu cha Sivriada, katika Bahari ya Marmara, wakafa kwa njaa na kiu. Leo, zaidi ya miaka mia moja baadaye, Istanbul bado ina mbwa wa mitaani. Mwingine atasema wajengewe makazi. Makazi yanafaa kwa wagonjwa, waliojeruhiwa na watoto wanaotafutiwa nyumba, lakini hayawezi kuwa suluhisho la mbwa wote. Yanajaa ndani ya miezi michache, magonjwa ya kuhara damu na ya mapafu yanaruka kutoka kizimba hadi kizimba, na fedha ambayo ingehasi mamia inakwenda kulisha makumi. Agosti 2025 Mahakama ya Juu ya India iliamuru mbwa wa Delhi wakusanywe na kuwekwa kwenye makazi. Tarehe 22 ya mwezi huo huo amri ikarekebishwa, mbwa wahasiwe, wachanjwe na kurudishwa walikotolewa, isipokuwa wenye kichaa, wanaoshukiwa kuwa nacho, au wenye ukali.

Basi nini kinafanya kazi? Chanjo kwanza, tena kabla ya kuhasi, kwa kuwa ni ya haraka na ndiyo inayookoa watoto wenu. Lengo ni asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo, wenye mwenyewe na wasio naye, kila mwaka. Watu huuliza kwa nini 70 na si 100. Kichaa cha mbwa, pamoja na ubaya wake wote, hakisambai kwa kasi: kwa wastani mbwa mmoja mgonjwa huambukiza wengine wasiofika wawili. Ili mnyororo ukatike, inatosha kinga isishuke chini ya kiwango fulani kati ya asilimia 20 na 45, kutegemea eneo. Mkichanja 70 leo, baadhi watakufa na watoto wapya watazaliwa, lakini hadi kampeni ya mwaka ujao bado mtakuwa juu ya mstari huo. Pemba walifanya hivyo. Kisiwa kile kilikuwa kikipoteza watu kwa kichaa cha mbwa. Kampeni za chanjo za kuanzia mwaka 2010 ziliusukuma ugonjwa hadi ukatoweka, ukaingizwa tena mwaka 2016 chanjo ilipolegea, na ulipofika mwaka 2018 ukawa umeondolewa mara nyingine. Hawakuhitaji kummaliza mbwa ili kummaliza kirusi.

Watoto wa mbwa nao wachanjwe, hata walio chini ya miezi mitatu. Wakiachwa kwa sababu ni wadogo, wanakuwa ndio pengo, na ndio hasa wanaobebwa na watoto wenu mikononi.

Kuhasi ndiko kunakopunguza idadi, na hapa naomba uvumilivu, maana miradi mingi ya wema hufia hapa. Kosa la kawaida ni kutawanya: mbwa watatu mtaa huu, wanne mtaa ule, mfadhili anapiga picha, mwaka ujao hakuna tofauti. Chagueni eneo dogo lenye mipaka, mtaa wenu na ile inayopakana nao, mkalimalize kabla ya kwenda kwingine. Anzeni na majike. Dume mmoja aliyebaki anaweza kupanda majike yote ya mtaa, kwa hiyo kuhasi madume tisa kati ya kumi hakupunguzi mimba hata moja. Kila jike aliyeondolewa kizazi, kwa upande wake, ni mimba zote za maisha yake zimezuiwa. Na majike wachanga, karibu na miezi sita, kabla ya joto la kwanza, ndio wanaosahaulika kwa sababu wanaonekana bado watoto.

Mfano ninaopenda kuutaja ni jiji la Jaipur, India. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1994 shirika la Help in Suffering lilianza kukamata, kuhasi, kuchanja na kurudisha mbwa pale pale walipotolewa. Hadi mwisho wa 2002 walikuwa wamewapitia karibu 25,000. Asilimia 65 ya majike ya eneo la mradi walikuwa wamehasiwa na kuchanjwa, idadi ya mbwa ilikuwa imeshuka kwa asilimia 28, na visa vya kichaa kwa binadamu ndani ya eneo hilo vilifika sifuri huku sehemu za jiji zisizo na mradi vikiongezeka. Tazama miaka hiyo. Haikuwa kazi ya wiki mbili. Bhutan nayo ilianza mwaka 2009, na ilipofika Oktoba 2023 ndipo ikatangaza kuwa mbwa wote wanaozurura nchini wamehasiwa. Kwenye kikao usiahidi kwamba mbwa watapungua ndani ya miezi mitatu. Ahidi kwamba mwaka huu watachanjwa, kwamba vitoto vitapungua kuonekana mwakani, na kwamba idadi itashuka taratibu kadiri wakubwa wanavyokufa kifo chao bila kuzibwa nafasi. Kabla ya hapo watu wataona jambo lingine zuri: usiku unatulia. Kelele nyingi zinazowanyima usingizi ni za madume wanaofuatana nyuma ya jike mwenye joto, na mapigano hayo ndiyo yanayowakumba wapita njia. Joto likikosekana, msafara huo haukusanyiki.

Kuhusu namna ya kufanya, sikubali njia za mkato. Upasuaji ufanywe na daktari wa mifugo, kwa nusu kaputi kamili, vifaa vilivyotakaswa, na dawa ya maumivu kabla na baada. Mbwa akiwa bado amelala hukatwa kipande kidogo cha ncha ya sikio, ili kila mtu amtambue kwa mbali na asikamatwe tena bure. Anapumzishwa hadi mshono uwe mkavu, kisha anarudishwa mtaa ule ule, kona ile ile. Kumwachia kwingine ni kumtupa katikati ya mbwa wasiomjua, na ni kuacha pengo kwenu. Kukamata kufanywe kwa nyavu na mikono ya watu waliofunzwa na waliochanjwa wao wenyewe dhidi ya kichaa, si kwa vitanzi vya waya. Mkikamata kwa ukatili mara moja, mara ya pili hakuna mbwa atakayewasogelea. Na mtu akiwaletea sindano ya kuzuia mimba kwa bei rahisi, ikataeni. Sindano hizo za homoni zinahitaji kurudiwa kwa wakati, jambo lisilowezekana kwa mbwa wa mtaani, na huacha majike wengi na usaha kwenye kizazi pamoja na uvimbe wa matiti. Faida nyingine ya kuhasi isiyotajwa mara kwa mara: inakata maambukizi ya ile saratani ya sehemu za siri inayopita kutoka mbwa hadi mbwa wakati wa kupandana, ile inayowafanya wadondoshe damu na kuonekana wachafu machoni pa watu.

Lakini nikuambie jambo ambalo kikao hakitapenda kulisikia. Sehemu kubwa ya hao mbwa ishirini si wa mtaani kwa asili. Wapo wenye nyumba kabisa, wanafunguliwa usiku wazurure. Wapo waliozaliwa uani kwa mtu, wakatiwa kwenye boksi na kuachwa jalalani. Hata mkihasi kila mbwa asiye na mwenyewe, majike watatu wa uani wasiohasiwa watawajazia mtaa upya. Kwa hiyo kampeni ianze na mbwa wa wajumbe wa kikao wenyewe. Kila mwenye mbwa aandike jina lake, aonyeshe kadi ya chanjo, amhasi au akubali kumfungia wakati wa joto, na asitupe watoto wa mbwa. Nyumba ambayo haina uwezo wa kulipa ichangiwe. Ni rahisi kuliko kuhudumia kizazi kizima kitakachotoka hapo.

Taka nazo zishughulikiwe, kwa busara. Mifuko inayopasuliwa asubuhi ni chakula kilichoandaliwa. Mapipa yenye vifuniko vizito, taka kutolewa nje muda mfupi kabla ya kuzolewa badala ya kulala nje, na mabaki ya machinjio na migahawa kufukiwa au kufungwa vizuri. Hayo ndiyo yanayoamua mtaa unabeba mbwa wangapi. Ila msifunge kila kitu kwa siku moja. Mbwa ishirini walioachwa na njaa ghafla hawatatoweka, watazurura mbali zaidi, watawafuata watoto wenye vyakula mkononi, na watapigana. Punguzeni taka kadiri kuhasi kunavyosonga mbele.

Wanaowalisha mbwa mara nyingi hushutumiwa kikaoni, nami nawaona kama washirika mnaowahitaji kuliko wote. Mtu anayelisha anajua kila mbwa kwa sura, anajua nani amezaa na amejificha wapi, na mbwa huja mkononi mwake. Mfanyeni awe sehemu ya kazi. Makubaliano yawe haya: analisha sehemu moja iliyo mbali na lango la shule, njia ya wapita kwa miguu na milango ya watu, saa ile ile kila siku, kwa kiasi kinachomalizika, anaondoa mabaki, na yeye ndiye anayeleta mbwa siku ya chanjo na ya kuhasi. Anayelisha bila kujali kuhasi, huyo mwambieni kwa upendo kwamba anakuza njaa ya kesho.

Kwa watoto wako na wa jirani, kuna mambo machache ambayo yanazuia kuumwa kwingi. Mbwa wengi huuma wakiwa na sababu: wanakula, wamelala wakashtuliwa, wananyonyesha, wanaumwa, au wako kwenye lile kundi la madume linalofuata jike. Mtoto afundishwe kuyatambua mazingira hayo na kupita mbali. Mbwa akimjia, asikimbie wala kupiga kelele. Asimame wima, mikono imelala ubavuni, asimkazie macho, ageuze uso pembeni na kuondoka polepole mbwa akishapoa. Mbwa huvutiwa na kinachokimbia, na hii ndiyo sababu hukimbiza baiskeli na pikipiki. Dereva akipunguza mwendo, mara nyingi mchezo unaisha. Mtoto akiangushwa, ajikunje, magoti kifuani, mikono ikifunika shingo na masikio, atulie. Wafundisheni haya kwa kuigiza, mmoja awe mbwa, hadi mwili uzoee. Na watoto waache kurusha mawe. Mbwa aliyepigwa na watoto wa sare fulani anaweza kuikumbuka sare hiyo, na atakayeumwa anaweza kuwa mtoto asiyerusha jiwe lolote. Zaidi ya yote, mtoto aambiwe kwamba akiumwa au kukwaruzwa atamwambia mzazi saa hiyo hiyo na hatagombezwa. Watoto huficha kwa kuogopa kuchapwa, na ukimya huo unaua.

Wapo mbwa ambao hawawezi kurudishwa mtaani, na nakusihi usijifanye kwamba hawapo, maana utapoteza imani ya kikao. Anayeshukiwa kuwa na kichaa, aliyejeruhiwa pasipo tiba, na yule mmoja anayeshambulia watu bila kuchokozwa hata baada ya kuhasiwa na kutulia. Hao daktari wa mifugo awalaze usingizi wa mwisho kwa sindano, bila maumivu, baada ya kuwachunguza mmoja mmoja. Ni uamuzi wa kitabibu kuhusu mbwa mmoja anayejulikana, na haulingani kabisa na nyama yenye sumu inayotupwa gizani kwa yeyote atakayepita, akiwemo paka wa jirani na mtoto anayetambaa.

Kwa vile utaulizwa tuanzie wapi, wiki hii anza na kuhesabu. Chukua watu wawili, piteni njia ile ile alfajiri, kabla ya watu kutoka, siku mbili tofauti. Kwa kila mbwa andikeni: jike au dume, mkubwa au mtoto, ananyonyesha au la, ana ukosi au hana, sikio limekatwa au zima. Karatasi hiyo peke yake itabadilisha sauti ya kikao, maana watu wataacha kusema "mbwa wengi" na kuanza kusema "majike saba, wawili wananyonyesha." Pelekeni karatasi hiyo kwenye ofisi ya mifugo ya serikali za mitaa mkaombe siku ya chanjo ya mtaa, na kwa shirika lolote la ustawi wa wanyama lililo karibu mkaombe siku za upasuaji. Ofisi hupokea malalamiko mengi na takwimu chache, na mwenye takwimu huhudumiwa mapema. Siku ya chanjo kila mbwa aliyechomwa apakwe rangi ya mifugo mgongoni, na kesho yake alfajiri mrudie njia: kati ya kila mbwa kumi mtakaowaona, saba wawe na rangi. Wakiwa wachache kuliko hao, wachanjaji warudi wiki hiyo hiyo kwenye kona zilizorukwa.

Rudieni hesabu kila baada ya miezi sita, mkilinganisha kila msimu na ule ule wa mwaka uliotangulia, na mtazame safu moja kuliko zote: majike wanaonyonyesha. Hiyo ndiyo hushuka kwanza, kabla jumla haijashuka, na ndiyo itakayokuonyesha kama kazi inakwenda au kuna jike aliyefichwa uani kwa mtu. Na hata mbwa watakapobaki sita au saba, wenye masikio yaliyokatwa, wazee, wanaolala juani bila kumsumbua mtu, chanjo ya kila mwaka isikatishwe.